Vidonge vya Njano vya Usumani

Jumanne, 12 Januari 1993

Tumepata. Naliandika hili kwanza kwa sababu mchana kutwa nimeshindwa kulisema. Usumani amepata dawa zote mbili.

Doktari Rugamba alituita pamoja, wagonjwa na sisi tunaowauguza, kwenye lile jengo la nyuma walilotengewa. Akaeleza. Kansa ya ini ni sugu, dawa moja peke yake mara nyingi haiiwezi. Kwa hiyo wanajaribu mbili kwa pamoja – serumu nyekundu ya kuingia kwenye mshipa, na vidonge vya njano vya kumeza asubuhi na jioni. Nusu ya wagonjwa watapata zote mbili. Nusu watapata nyekundu tu. Kura imepigwa Ulaya, na mashine. Nikamuuliza kwa nini wasipewe wote zote. Akasema, Madamu, tukiwapa wote hatutajua kama vidonge vinasaidia. Yeye anataka kujua. Mimi nataka mume.

Nilimuuliza pia, bila dawa je? Akatazama viatu vyake. Nimeelewa.

Kitanda cha jirani yuko Évode, mkulima wa Byumba, kaskazini. Vita vilimtoa kwake mwaka jana, sasa familia yote iko kambini chini ya turubai. Yeye kapata nyekundu tu. Mkewe, Pudentienne, alinitazama kama nimemwibia. Sikumrudishia macho. Sitaomba radhi kwa bahati yangu, maana sijawahi kuwa nayo nyingi.

Ijumaa, 15 Januari

Serumu ya kwanza. Nyekundu kama sharubati ya Idi. Usumani katapika mpaka kabaki macho tu. Mimi nimeshika beseni. Upande wa pili Évode naye anatapika, wanapokezana. Halafu wakatazamana wakacheka, wote wawili. Sijui kilichowachekesha.

Nesi Umuhoza analeta vidonge kwenye kikombe kidogo, viwili asubuhi, viwili jioni. Anakiweka mezani anaenda zake. Lakini sheria kaisema kwa sauti, amesimama mlangoni: atakayeacha kumeza dawa yake, au akameza isiyo yake, anatolewa kwenye majaribio siku hiyo hiyo. Hata serumu hapati. Anarudi kwao.

Hospitali haipiki. Kila mgonjwa na mtu wake, kila mtu na sufuria yake, huko nyuma ya jengo. Leo Pudentienne kachota makaa kwenye imbabura yangu, jiko langu la makaa, bila kuomba. Nikamwambia. Akajibu kwao moto hauombwi. Nikamwambia basi arudi kwao akachukue moto huko. Neno baya, najua. Alikuwa ameshaniudhi.

Akageukia wenzake, akasema kwa Kinyarwanda eti Mswahili ni Mswahili tu. Kama vile mimi sielewi! Nimezaliwa mtaa wa Gitega, hapa hapa mjini, nimekulia Gitega, nauza chapati na chai Gitega. Lakini mji huu ndivyo ulivyo: ukiwa Mwislamu unaitwa Mswahili, na Mswahili maana yake mjanja, mwongo, mtu wa kuchungwa. Babu yangu alikuja kutoka Bagamoyo na mzigo wa vitambaa kichwani. Akauza, akaoa, kazikwa hapa hapa. Mimi si mgeni wa mtu.

Sufuria aliyoigusa nimeisugua kwa majivu, nikarudia tena.

Alhamisi, 28 Januari

Vijana wa vyama vya siasa wamefunga barabara. Magogo, mawe, na mdomo mchafu. Nimetoka Kimisagara, dukani kwa Usumani, kwa miguu, termosi kwapani. Mmoja kaifungua, kainusa chai yangu, kaitazama kadi yangu ya kitambulisho mbele na nyuma, kisha kanywa kikombe. Ningemmwagia usoni kama nisingekuwa na pa kwenda.

Nimefika wamekwisha kula. Usumani kala mihogo ya Pudentienne, sahani moja na Évode, mikono miwili mle ndani. Nikamwuliza, unakula kwa watu kama huna mke? Akasema mke alikuwa amezuiwa barabarani, tumbo halikuzuiwa. Anajua kunijibu huyu mtu.

Mambo yao haya yanaitwa gusangira. Mtoto wa nchi hii anafundishwa kabla hajajua kutembea: huli peke yako mbele ya mtu. Ukiwa na kiazi kimoja, kinakatwa. Na Usumani jambo hili limemwingia kupita kiasi. Duka lake la betri na sabuni pale Kimisagara lilikuwa linagawa kuliko linavyouza. Mimi ndiye niliyekuwa nafukuza watu. Kila nyumba ina mmoja wa kupendwa na mmoja wa kuchukiwa, na mimi nilikubali zamani kuwa yule wa pili.

Jumanne, 23 Februari

Ramadhani imeanza. Usumani anataka kufunga! Nikamwambia mgonjwa kasamehewa, hata Sheikh kasema, na vidonge utavimeza na nini, na mate? Kakubali kwa shingo upande. Sharti lake: nilete futari ya chumba kizima. Mimi nifunge, nikaange sambusa kwa kiu, halafu yeye agawe. Sawa. Nimeleta. Wakristo wale wamekula futari kunishinda mimi niliyefunga.

Vita vimesogea tena. Watu wameshuka kutoka kaskazini kama maji. Kambi ya akina Évode imekimbia nzima, na hakuna ajuaye imetua wapi. Watoto wa Pudentienne wako na bibi yao, mahali fulani. Leo alikaa mbele ya moto uliozimika, hapepei, hapiki. Nilimsogezea imbabura yangu. Isichukuliwe kuwa tumepatana.

Ijumaa, 5 Machi

Leo nimeyaona kwa macho yangu.

Jana bomu la mkono limerushwa karibu na stendi, kwa hiyo leo nimetoka alfajiri kabla vijana hawajaamka. Nimeingia chumbani mapema kuliko kawaida. Nesi Umuhoza ndiyo kwanza anaondoka. Usumani kachukua kikombe chake. Kidonge kimoja mdomoni. Cha pili kakiweka kwenye kiganja cha Évode. Wala hawakufanya siri. Kama mtu anavyompa mwenzake kipande cha muwa. Évode kameza, kasema asante, kajilaza.

Nilisimama pale mlangoni. Termosi iliniponyoka, kioo chake kikavunjika ndani.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwanzo. Tangu mwanzo! Mwezi wa kwanza wote, wa pili wote, mimi napita kwenye magogo na matusi, namwomba Mungu dawa ifanye kazi, na dawa yenyewe nusu iko tumboni kwa mtu wa Byumba.

Nikamwambia, Baba Zaina, hii si mihogo. Hii ni dawa. Imepimwa. Akasema anajua. Akasema kwa sauti ndogo, kama anamweleza mtoto, "Mama Zaina, analala hapo, mkono wangu unamfikia. Nikimeza vyote viwili ananitazama, nitakuwa mtu gani?" Nikamjibu, utakuwa mtu aliye hai.

Évode kageukia ukutani, kajifunika shuka mpaka kichwani. Vizuri. Aone haya.

Jumamosi, 6 Machi

Sisemi naye. Nimepeleka uji, nimeweka, nimeondoka. Zaina kaniuliza baba anaendeleaje. Nikamwambia muulize baba yako. Mtoto hana kosa.

Jumapili, 7 Machi

Nimemkabili Pudentienne huko nyuma, mbele ya wote. Nikamuuliza kama alijua. Alijua. Hakukana hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, nilikuwa nimejiandaa kwa uongo wake.

Kasema kwa Kiswahili chake, "Mume yako alitoa yeye mwenyewe. Mimi sikuomba. Kura ingeanguka kwetu, Évode angetoa vile vile." Nikamwambia maneno ni rahisi. Kasema, "Ndiyo, iko rahisi. Na wewe ungekataa kupokea?"

Ningepokea. Ningepokea vyote viwili na kikombe. Lakini hilo sitamwambia yeye.

Nikamtishia kwamba namwambia nesi. Akaendelea kukoroga maharage. Kasema nikisema, watatolewa wote wawili, aliyetoa na aliyepokea, sheria nimeisikia kwa masikio yangu. Mume wako ana nyumba ya kufia, akasema, wangu hata turubai hana tena. Nilitaka kumpiga. Kweli kabisa, mkono uliinuka. Nimeutuma kwenye mfuniko wa sufuria.

Jioni nimemsimamia Usumani. Kameza vyote mbele yangu, taratibu, macho kwangu. Nikamwambia apa kwamba hatagawa tena. Hakuapa. Mwezi huu hawezi kuapa uongo, kwa hiyo nimejua.

Na mimi siwezi kulala pale. Nisipouza chapati Zaina hali.

Alhamisi, 25 Machi

Idi. Nimepika pilau, nimebeba sufuria kubwa kichwani kutoka Gitega. Nguo mpya sina, na wala sijali.

Sasa niandike jambo la ajabu. Usumani tumbo limepungua. Mkanda kaurudisha kwenye tundu la zamani, yeye mwenyewe ananionyesha, anajipiga tumboni kama ngoma. Kala pilau akaongeza. Na Évode – Évode katembea mpaka uani bila fimbo, kaketi juani, kachanja kuni! Mtu ambaye Januari alikuwa anabebwa kama gunia.

Doktari Rugamba kapita anacheka peke yake. Kila kitanda anabonyeza ini, anacheka.

Nilipaswa kufurahi. Nimefurahi, ndiyo, nimelia kidogo kwenye mvuke wa pilau ili isijulikane. Lakini kila nikimwona Évode ananyanyua shoka, nasema moyoni: hiyo nguvu ni yetu. Nusu imemsimamisha huyu, nusu imempunguza tumbo yule. Vyote vingefanya nini? Labda mume wangu angekuwa dukani sasa hivi, anagawa sabuni. Pudentienne kaniambia Idi njema. Nimemjazia sahani. Nyama nimemwekea za mifupa.

Jumatano, 31 Machi

Mungu wangu.

Profesa amekuja kutoka Ulaya, mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni mmoja shingoni. Siku mbili wamewapiga wagonjwa picha za tumbo, mmoja mmoja. Leo wametukusanya. Doktari Rugamba kasema habari ni nzuri sana. Uvimbe umepungua. Kwa waliopata zote mbili umepungua. Kwa waliopata nyekundu tu umepungua vile vile, sawa sawa. Kwa hiyo, akasema, tumejifunza: nyekundu inatosha. Vidonge vya njano haviongezi kitu, na vinaumiza figo bure. Kuanzia kesho havitolewi tena. Profesa anaondoka Ijumaa jioni, anarudi na maboksi yake.

Watu wakapiga makofi. Nikatazama Usumani. Anatazama blanketi.

Nikawaza: mtu mmoja akigawa, hesabu ya Wazungu haigeuki. Évode mmoja hawezi kuwadanganya wote. Nikatoka kwenda nyuma. Wanawake wote wako kwenye moto. Nikauliza kwa sauti, nani mwingine?

Kila mtu kakumbuka sufuria yake. Mmoja anaongeza chumvi, mwingine anapuliza moto unaowaka vizuri. Nikarudia, nani mwingine? Pudentienne bila kuinua kichwa: "Ulifikiri mume yako peke yake iko na moyo?"

Chumba kizima. Kitanda kwa kitanda. Tangu Januari, asubuhi na jioni, Umuhoza akigeuka, vikombe vinapita mkono kwa mkono kama kibuyu cha bia chenye mrija mmoja. Hakuna aliyeamriwa. Hakuna waliokaa wakapanga. Mungu wangu, hakuna hata mmoja humo ndani aliyeweza kumeza peke yake.

Na Doktari Rugamba, aliyenyonya ziwa la nchi hii hii, aliyekula sahani moja na ndugu zake, kasahau. Kawalaza watu wanaokaribia kufa, mkono kwa mkono, kampa mmoja, kamnyima mwingine, akaamini watatii. Huko alikosoma walimfundisha nini?

Wote wamekuwa wanameza nusu. Ndiyo maana wako sawa. Vidonge vinafanya kazi. Na kesho vinaondolewa kwa sababu vimefanya kazi kwa wengi mno.

Alhamisi, 1 Aprili

Asubuhi Umuhoza kapita bila vikombe. Chumba kizima kimemfuata kwa macho mpaka mlangoni.

Nimewaambia wanawake: lazima mtu aseme. Profesa hajaondoka. Akijua, atatuachia maboksi. Mwingine kasema akijua, atawatoa wote, sheria ni sheria. Mwingine, atakasirika, Mzungu akidanganywa hasamehi. Mwingine, nyekundu si tuko nayo, tusije tukakosa yote. Nikawaambia nyekundu peke yake haiwezi, doktari mwenyewe alisema siku ya kwanza! Wakaanza kupiga kelele wote. Nimeitwa kila jina. Mswahili ndiyo nimeitwa mara nyingi zaidi. Kuna aliyesema wazi kwamba nikifungua mdomo, nisikanyage tena hapa nyuma na sufuria yangu. Pudentienne hakunitukana. Alikuwa anatazama moto. Nadhani nilipendelea anitukane.

Nimekwenda kwa Usumani. Kakataa. Kasema nikisema, Évode ataenda wapi? Nikamwambia na mimi nitaenda wapi? Na Zaina? Mbona moyo wako unafika mpaka Byumba na haufiki Gitega? Akashika mkono wangu. Kasema, "Nilikuoa kwa sababu ya mdomo wako. Leo ufunge."

Nikamwambia, nimechoka kusikia watu wanavyokusifu. Nataka kuishi na wewe, si na sifa zako. Akaanza kulia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku alipoambiwa ni kansa. Nikaondoka, maana ningebaki dakika moja zaidi ningemwahidi.

Nawachukia wote. Namchukia doktari na kura yake, namchukia Évode na shoka lake. Namchukia Usumani kwa kuwa mwema kwa gharama yangu. Nimeandika hivyo na sifuti.

Ijumaa, 2 Aprili

Nimekaa kwenye benchi mbele ya ofisi ya Doktari Rugamba. Yuko ndani na Profesa, nasikia Kifaransa chao na maboksi yanayoburutwa. Naandika ili nisiinuke nikaondoka. Nikinyamaza, maboksi yanapanda ndege leo jioni na tumbo la Usumani linarudi. Nikisema, labda Profesa ataelewa. Labda atawatupa wote nje, na nitakuwa nimewaua wote, pamoja na wangu. Nimejaribu maneno ya kuanzia. Hakuna linalofaa.

Pudentienne amekuja. Kanikuta hapa.

Nilidhani kaja kunivuta nywele. Kakaa. Mwisho wa benchi kwanza, kisha kasogea. Maharage yake kayaacha motoni, harufu ya kuungua inafika mpaka hapa, na yeye si mtu wa kuunguza maharage.

Kafungua fundo la kitenge. Katoa kitu, kaniwekea kwenye kiganja cha kushoto. Nusu kidonge. Cha njano, kimekatwa kwa meno.

Kasema ni kile cha juzi jioni, cha mwisho, Usumani alimpa Évode kama siku zote. Évode hakumeza. Amekaa nacho siku mbili. "Anasema hii ya mwisho iko ngumu kumeza peke yake. Nusu ni ya mume yako."

Nikamuuliza na ile nyingine? Kafungua mkono wake. Anayo.

Nikamuuliza basi nifanye nini nayo, nimpelekee Usumani, au nimwonyeshe doktari? Kafumba mkono wake, macho kwenye mlango wa doktari. Wala haondoki. Magoti yetu yanagusana.

Kiti kimevutwa huko ndani. Mkono wangu una jasho, kidonge kinaanza kuyeyuka, kiganja chote kimekuwa njano. Doktari Rugamba kafungua mlango. Anatutazama sote wawili, anauliza nani anaingia kwanza. Tunainuka pamoja.